Shofere Aliyebeba Sauti za Watu

Bado namkasirikia. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nimekaa hapa kumpamba mzee wa watu. Mjini kwetu Kasongo ukimtaja mtu mwenye mvi, kila mmoja anatafuta maneno laini, kama vile mvi zenyewe zinafuta makosa. Miye sina maneno laini. Nina mtoto wa kubeba mgongoni, nina mikate ya kukaanga kabla jua halijawa kali, na nina hasira. Lakini nikitulia peke yangu jioni, anayenijia kichwani ni yeye, si yule mwanaume aliyenioa. Basi nimwandike, labda atanitoka.

Tulimwita Shofere. Madereva wako wengi kwenye barabara ya kwenda Salamabila na wote wana majina. Huyu alikuwa Shofere tu. Mtoto akitumwa sokoni akaambiwa, "Muulize Shofere kama anaondoka kesho," hakuuliza Shofere gani. Gari yake, jipu, ilikuwa nyeupe zamani, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya mpira. Kwenda alipakia mchele, mawese, samaki wakavu wa Nyangwe, na vijana waliokuwa wakiimba wakienda kuchimba dhahabu. Kurudi alileta vijana wale wale, wachache zaidi, hawaimbi. Na alileta sauti.

Hizo sauti lazima nizieleze. Kati yetu na karieri za dhahabu, yale machimbo, rezo ya simu, yaani mtandao, inakuja inapotaka. Unapiga simu, mtu anasema "Alo," halafu kimya, na wewe umebaki na ile "Alo" kama mtu aliyetupiwa mfupa. Shofere alikuwa na telefone kubwa ya kugusa, ila ilianguka majini pale mto Luama siku jipu ilipokwama, yeye akiwa ameishika kwa meno. Akaifukia ndani ya gunia la mchele mpaka ikakauka. Ikaamka na kila kitu isipokuwa mdomo. Ilisikia, iliandika, ilirekodi, lakini yenyewe haikutoa tena sauti hata ya kuita. Njia moja tu ilibaki: kuiunga kwa Bluetooth na radio ya jipu. Hapo ndipo ilisema, kupitia vipaza sauti vya milangoni.

Mtu mwingine angenunua telefone nyingine. Yeye akatengeneza desturi. Kule Salamabila watu walimfuata, wakachukua telefone, wakasema maneno yao. Akifika Kasongo, wenyewe tulikuwa tunamngoja pale penye moteur ya kusagia muhogo. Mmoja mmoja tuliingia, tukakaa kiti cha mbele, tukafunga vioo. Yeye aliinama dirishani kabla kioo hakijapanda, akabonyeza, akaenda zake. Halafu sauti inatoka mlangoni kulia, mlangoni kushoto, chini ya miguu, mpaka unahisi mumeo amekaa humo nawe, ila amesahau kuleta mwili.

Na yeye alikwenda kusimama. Hakusimama karibu. Alikwenda mpaka ukutani kwa moteur, akageuza uso kwenye matofali, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Mtu akikaribia jipu alimfukuza bila kugeuka.

"Pita kule! Mule mutu iko na mutu wake."

Humo ndani watu walipata vifo, mimba, matusi, salamu za bure, nyimbo za mtoto. Nilimwona baba mmoja mzima wa mwili akitoka humo akatapika. Shofere hakumuuliza kitu. Alimpa maji ya kunawa, akaita, "Mwingine."

Jipu ilitoka Japani, na radio yake ilikuwa na mwanamke. Kila ilipopata telefone ilisema maneno matatu manne ya Kijapani, kwa sauti tamu ya mtu anayekukaribisha kwake. Hakuna aliyejua anasema nini. Shofere alimwitikia. Asubuhi, kabla ya kusalimia abiria, alisikika: "Ndiyo mama, tumeamka. Na weye?" Vijana walimcheka.

"Muzee, bibi yako wa radio anakudai mahari!"

"Anajua nitalipa. Weye lipa kwanza ya ule wa Lusangi, baba yake anakutafuta."

Hakucheka yeye mwenyewe. Alitaniwa, akajibu, akaweka gia. Kwenye matope alikuwa na neno lake, "Mungu na vitesi ya kwanza," yaani gia ya kwanza, na alilisema taratibu, mara moja kwa kila shimo. Muziki alikataa kabisa. Ukimwomba aweke hata wimbo wa kanisa au kaswida, alisema radio yake imechoka na sauti za watu, muiache ilale.

Hapo palikuwa na ukaidi wake, na ukaidi huo ulikuwa na miiba. Aliwahi kumwacha mkubwa mmoja wa ofisi barabarani na sanduku lake kwa sababu alichelewa kidogo, na siku hiyo hiyo akazima moteur ya gari na kutufanya tuketi juani, tukimngoja mwanamke ambaye mtoto wake alikuwa na homa na alikuwa bado anaoga. Akikuambia daraja limevunjika, limevunjika. Akikuambia tutalala njiani, beba kikwembe cha pili cha kujifunika. Kuhusu barabara sikumjua kudanganya. Nisisitize hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku ya kisa cha mfanyabiashara mmoja nilikuwemo. Nilikuwa nakwenda Kabambare kwa matanga ya mama mdogo. Mfanyabiashara huyo, safari iliyotangulia, alimvizia Shofere akisali akaunga telefone yake na radio ili asikilize muziki. Radio ikamkumbuka. Sasa tuko njiani, tumebanana, pembeni yake msichana mwenye nywele zilizosukwa jana, mkono wa bwana uko gotini kwake. Tukapanda kilima, rezo ikaja, simu ikaita. Bwana akaiweka sikioni.

"Alo? Alo? Sisikie!"

Yeye hakusikia, sisi tulisikia. Sauti ya mke wake ikajaa jipu nzima: "Baba Mwenge, umefika Nyangwe? Samaki iko?"

Bibi mmoja mwenye kuku mapajani akamjibu kabla mtu hajafikiri. "Nyangwe gani, mwanangu? Siye tuko tunapanda Salamabila. Na dada mwenye nywele mupya anakusalimia sana."

"Nani iko naongea mule? Baba Mwenge! Dada nani?"

Jipu ikalipuka. Watu walicheka mpaka kuku wakapiga kelele. Mtu yule anabonyeza telefone, anaigonga, anaitupa chini ya kiti, na mkewe bado anauliza kutoka milango yote. Shofere akasimamisha gari. Hakuwa na hata tabasamu.

"Shukeni wote. Mumuache aongee na bibi yake."

"Muzee, jua iko kali!"

"Shukeni."

Tukashuka, bibi na kuku zake, msichana na nywele zake. Tukasimama barabarani tumegeuka upande wa mihogo, kama yeye alivyogeuka, tukimwacha mtu yule afe kwa aibu peke yake humo ndani. Toka siku ile sheria ikawa: Bluetooth yako uizime ukiwa bado chini. Alikagua kwa mkono wake, hata telefone za mapadri.

Mke wa Shofere alikuwa amefariki kabla sijamjua yeye. Alimtaja kwa neno moja, "marehemu," na alikula peke yake. Asubuhi za safari alikuja kwenye meza yangu, akachukua mikate miwili, akala amesimama, macho barabarani. Nilimwambia akae, kiti kiko. Alisema akikaa atasinzia. Sauti za mji mzima zilipita kwenye telefone yake, na sikuwahi kuona mtu akiishika amwambie yeye kitu. Alikuwa kama mlango. Nani anaongea na mlango?

Ile radio ilikuwa na nafasi chache za kukumbuka telefone. Zikijaa, mpya haiingii mpaka ufute moja. Kwenye orodha ya kioo chake kidogo, ya juu kabisa ilikuwa telefone ya marehemu. Siku moja radio ilikuwa inasumbua na miye niko ndani, zamu yangu imefika, nikasema nimsaidie. Nikaona herufi za jina la mwanamke, telefone ambayo haipo tena duniani. Nikaweka kidole niifute.

Alinishika mkono. Hakuwahi kunigusa kabla.

"Hapana ile."

"Muzee, inakalia nafasi ya bure."

"Futa yangu, kama unataka kufuta. Ile iache."

Na kweli akafuta yake, akaanza upya kuiunga, na yule mwanamke wa Kijapani akamkaribisha kama mgeni.

Sasa nifike kwangu.

Mume wangu alipanda jipu hiyo mimba yangu ikiwa imeonekana. Alisema anakwenda msimu mmoja. Sauti zake za kwanza zilikuwa nzuri, naweza kuzirudia zote. Aliuliza tumbo. Alisema nisibebe maji. Nilipojifungua nikashika telefone ya Shofere, nikarekodi, nikamwambia ni msichana, tumemwita Sifa, ana masikio yako, pole kwake. Ikarudi sauti anacheka: "Sifa! Jina muzuri." Nilicheka naye ndani ya gari lililofungwa, jasho linanitiririka, mtoto ananyonya. Shofere kasimama ukutani kwake.

Halafu zikawa fupi. Halafu siku moja Shofere akashuka, akaniona, akanawa uso kwanza.

"Mama Sifa, leo Bluetooth imekataa."

"Lakini sauti iko?"

"Iko. Imekataa kukonekte. Ngoja safari ingine."

Nikangoja. Safari nyingine: "Imekataa, mama. Ngoja." Nyingine tena. Nilimwamini kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu huyu hadanganyi hata kuhusu shimo. Ya pili, niliijua ile orodha, nilijua nani kakalia nafasi pale juu. Mnajua nilifanya nini? Nilimchukia marehemu. Nikikanda unga nilimsema: mama weye umekufa, huna simu, huna sikio, toka basi nimsikie mume wangu! Nilimgombeza mwanamke ambaye sijawahi kuona hata picha yake.

Wakati huo dada yangu wa Kindu alikuwa amenipatia nafasi kwa fundi wa kushona, mwanamke mtu mzima aliyetaka msaidizi mwenye kusoma vipimo. Kulala kwa dada, mtoto atalelewa na watoto wake. Ningetoka kwenye chumba nilichopewa kwa mama mkwe, ambamo alihesabu hata chumvi. Nilimjibu dada: kuna sauti ya Baba Sifa kwa Shofere, labda anasema anakuja, siwezi kuondoka kabla sijaisikia. Dada akangoja. Mvua zikaja, zikaisha. Fundi akachukua mtu mwingine. Dada akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Bon, mdogo wangu, kaa na sauti yako."

Sikuwa na sauti. Nilikuwa na neno "imekataa."

Kisha macho ya Shofere yakaanza kuingia weupe. Akagonga nguzo ya daraja aliyoijua miaka yote, hakuna aliyeumia, akasema mwenyewe basi. Jipu ikasukumwa mpaka uani kwake. Watu wakapata madereva wengine, na wengine hawabebi sauti. Pale penye moteur pakawa kimya, isipokuwa moteur.

Ni Mama Bahati, jirani yangu, aliyenifungua macho bila kujua. Tuko kisimani, anamkumbuka Shofere kwa mapenzi, kama wote.

"Siku ile kaka yangu alinitangazia harusi yake, unakumbuka? Nilitoka mule nikacheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa siku ile weye ulilia kule nyuma."

Niliikumbuka. Nililia kwa sababu Bluetooth imekataa.

"Weye uliingia kabla sijakwenda kulia au nyuma?" nikamuuliza.

"Nyuma yako, pale pale. Iliunga muzuri, sauti kama iko hapa. Kwa nini?"

Niliacha ndoo pale pale. Nikamwachia na Sifa.

Nilimkuta ndani ya jipu, kiti cha dereva, magurudumu hayapo, imewekwa juu ya mawe. Ilikuwa alasiri. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani. Alijua hatua zangu.

"Mama Sifa? Karibu. Mutoto iko wapi?"

"Iko kwa Mama Bahati. Miye nimefuata sauti yangu."

Hakuuliza ipi. Hakusema imefutika, jambo ambalo lingemwokoa. Akatoa telefone mfukoni mwa kanzu.

"Panda," akasema. "Batri iko na nguvu kidogo, jirani ananichajia na panneau yake ya jua."

Vidole vyake havikuhitaji macho. Akawasha, akatafuta, akangoja taa ndogo ya buluu iache kupepesa. Akanionyesha pa kubonyeza. Kisha akashuka, akapapasa ubavu wa jipu kwa kiganja mpaka ukaisha, akapapasa hewa, akafika kwenye ukuta wa nyumba yake. Akageuza uso.

Nikafunga vioo. Nikabonyeza.

Kwanza ni kelele za vyuma, watu wanatwanga mawe. Halafu yeye, mume wangu, karibu kabisa.

"Mama mutoto, ni miye. Usiningoje tena. Niko na mutu huku, na yeye iko na mimba. Ukipata mwanaume, olewa. Siko na kinyongo. Bon, ni ile tu."

Nilidhani imeisha. Nikasikia sauti nyingine. Ilikuwa ya Shofere.

"Na mutoto?"

"Mutoto nini, Muzee?"

"Mwachie mutoto neno. Kesho atakuwa mukubwa, atauliza."

Vyuma vinatwanga. Mtu anakohoa mbali.

"Sema hata jina lake," Shofere akasema.

"Ule mutoto... iko naitwa nani tena?"

 Kisha Shofere, polepole, kama mtu anayemsomea mwingine:

"Sifa."

"Ee, Sifa. Bon. Funga, Muzee."

Hakufunga. Kwa muda nilisikia mtu anapumua karibu na telefone. Halafu mlango wa jipu. Halafu basi.

Nilitoka. Nilitaka kumpiga, naandika kama ilivyokuwa. Niliufikia ule ukuta na mkono uko juu, na yeye haoni mkono.

"Ulisikia yote!"

"Mikono yake ilikuwa matope. Nikamushikia telefone."

"Kwa nini hukunipa?"

"Mama, kila sauti ya mutu najua pa kusimama. Ile sikujua nisimame wapi."

"Siyo weye wa kuchagua! Ni yangu! Mbaya, nzuri, ni yangu!" Majirani wakatoka. Sikujali. "Dada yangu aliningoja Kindu, nafasi imekwenda. Nimekaa kwa mama ya mutu ambaye amenitupa, namupikia! Mpaka marehemu bibi yako nimemutukana, iko kaburini, kwa sababu yako!"

Akageuza uso, mara ya kwanza.

"Ulimutukana nini?"

"Nilisema anakalia nafasi isiyo yake."

Akafikiri. "Hata alipokuwa muzima alikuwa hivyo," akasema.

Ningecheka siku nyingine. Nilifunga kikwembe changu kwa nguvu, nikamwambia naondoka, nafasi iko au haiko, nitashona hata vifungo. Akaitikia kwa kichwa. Aliniuliza kama nimepata gari. Nikamwambia halimhusu. Alipapasa ukuta kama anatafuta kitu cha kushika.

"Ukifika Kindu, utanitumia sauti? Ya mutoto tu. Mupatie dereva wa lori la huku aniletee, nitaisikiliza mule ndani ya jipu."

Mzee mzima. Sauti za mji mzima zimepita mikononi mwake, na ndiyo kwanza anaomba moja. Niliona jinsi ilivyomgharimu. Niliona, na haikunizuia.

"Ngoja," nikamwambia.

"Nitangoja, mama."

"Utangoja mpaka hasira yangu iishe. Na haina haraka."

"Bon."

Nikaenda. Kwenye geti niligeuka, si kwa huruma, nilikuwa nimesahau sandali nilizovua kabla ya kupanda jipu. Alikuwa amesharudi kwenye jipu kwa kupapasa. Akapanda, upande wa abiria. Akazungusha kioo mpaka juu, akapapasa cha upande mwingine, akakizungusha nacho mpaka juu, akakaa wima, mikono magotini, kama sisi sote tulivyokaa mle. Hakuna aliyekuwa amemletea sauti.